Nafasi Moja ya Wakongwe

Mara ya mwisho, wasomaji wangu, tulimwacha Gharib juu ya mabega ya watu. Leo tunamkuta chini, na kushuka kwenyewe hakukuchukua hata muda wa kupiga chafya.

Kwa yule aliyelikosa gazeti, au aliyefungiwa samaki kwa ukurasa ule kabla hajausoma, nieleze kidogo. Gharib ni mpishi wa halua wa Mji wa Kale. Kabla ya vita aliikimbilia timu ya kisiwa chetu katika mbio za kupokezana kijiti, na kombe lilipokuja Mombasa yeye ndiye aliyeteremka nalo melini. Kisha vita vikaingia, mashindano yakafungwa, na miaka yake mizuri ikaliwa na vita visivyomhusu. Sasa kuna amani, watu wa Unguja wametuita tena, na kamati ya mbio imekaa kuchagua watu wanne.

Vijana watatu, Akil, Ngumbao na Kaingu, walitajwa majina tu, wakaingia. Nafasi ya nne ikasemwa ni ya wakongwe. Wakongwe wenyewe wamebaki wawili, Gharib na sahibu yake Badawi, kinyozi wa Ndia Kuu. Na hao wawili, kamati ikasema, sharti wajaribiwe. Wakashindanishwa kukimbia, Gharib akamshinda Badawi, ndipo watu wakambeba.

Basi walimbeba bure.

Hata jasho halijamkauka, alikuja Bwana Yeslam, mwenye duka la vitambaa, ambaye ndiye katibu wa kamati. Ana kawaida ya kutabasamu kabla ya kusema neno baya.

"Mbio umezishinda, Gharib. Lakini hizi si mbio za miguu peke yake. Kesho alasiri twataka kukuona ukipokea kijiti. Ukipokea vyema, nafasi ni yako."

"Bwana Yeslam, mimi nilipokea kijiti huyu Akil yuwanyonya."

"Ndiyo sababu twataka kuona kama bado wakumbuka."

Gharib akacheka, na wengine wakacheka. Kicheko cha Yeslam ndicho kilichokawia kwisha, na hilo Gharib alilikumbuka baadaye, mambo yalipokwisha kuharibika.

Kesho yake walikuwa kwenye uwanja wa nyuma ya Ngome, palipo na jela. Askari wa jela wamejipanga juu ya ukuta kutazama, watu wa Mji wa Kale wamejaa pande zote. Akil ndiye wa kumpa Gharib kijiti. Akil huyu, mjue, ni shemeji yake, ndugu mdogo wa mkewe Ummulkheir, aliyekula katika sinia moja naye tangu hajaota hata unyoya wa ndevu.

Akil akaja mbio kama anayefukuzwa. Gharib akaanza kuchapuka, akaunyoosha mkono wake wa kulia nyuma, kiganja wazi, kama alivyofanya miaka yote. Akangoja kijiti. Kijiti hakikuja. Akakisikia kikimgonga nyonga ya kushoto, kisha kikaanguka mchangani.

Halafu mtu mmoja akasema, si kwa sauti kubwa, lakini ilitosha:

"Mzee kachoka."

Maneno hayo yakapokewa na mwingine, na mwingine, yakazunguka uwanja mzima bila kuanguka.

Yeslam akatabasamu. "Pole, Gharib," akasema. "Nenda kapumzike."

Gharib hakupumzika. Alikwenda nyumbani, akakaa ukumbini, akaanza kuyapanga mambo. Mbona Akil alipita upande wa kushoto, na mkono wa kulia aliuona? Mbona Yeslam wakati ule alikuwa akitazama mikono na si miguu? Na mbona Akil, ambaye tumbo lake haliijui njia nyingine wakati wa chakula, leo hajafika?

"Ndugu yako kanimaliza," akamwambia mkewe.

"Kakumaliza vipi, baba Sheikha?"

"Kijiti kanipitisha ubavuni makusudi. Kikulacho ki nguoni mwako."

Ummulkheir akaweka chini bakuli alilolishika. "Akil? Akil akufanyie wewe hivyo?"

"Juzi alikuja hapa mimi niko kazini. Alikuja kutaka n'ni?"

"Alikuja kuazima pasi."

"Pasi! Mtu ashindaye dukani kwa Yeslam akose pasi?"

"Sasa na pasi pia ina fitina?" akauliza Ummulkheir. "Wallahi, leo hata paka akipita utasema katumwa."

Paka hakupita. Aliyepita ni Akil mwenyewe. Alipiga hodi, akaingia kichwa chini, akasimama karibu na mlango.

"Masalkheri, shemeji."

"Haina kheri. Sema lililokuleta."

"Nimekuya kuuliza. Mbona ulitoa mkono wa kulia?"

Gharib akamtazama kama mtu aliyeulizwa mbona anakula kwa mdomo. "Na mtu hupokea kwa mkono upi? Mamangu alinifunza, kitu hupewa kwa kulia na hupokewa kwa kulia. Wa kushoto una kazi zake, na wewe wazijua. Mimi na Badawi twapeana kijiti kulia kwa kulia tangu tuanze mbio."

"Lakini Bwana Yeslam kabadilisha! Jana Ijumaa, baada ya sala, alitukusanya dukani. Kasema Unguja wapokea kwa kushoto kisha wahamisha kulia, na ndivyo wanavyotushinda. Nasi tufanye vivyo hivyo. Mimi leo nilikuwa nautafuta mkono wako wa kushoto, shemeji, siuoni. Nilidhani utautoa. Mpaka nikafika."

"Mimi hiyo Ijumaa sikuitwa."

"Tulitaka kukuita. Badawi kasema, 'Gharib yuko na sufuria, na halua haiachwi motoni. Mwachieni mimi, nitamwambia.'"

Ummulkheir akamtazama mumewe, na mumewe akaitazama mikeka.

"Waona, mama Sheikha?" akasema Gharib hatimaye. "Kaniangushia kijiti, sasa yuwataka kuniangushia na sahibu yangu. Badawi alinibeba mgongoni nilipoteguka mguu Tanga. Badawi! Toka nyumbani mwangu."

Akil akatoka bila kula, na mtu akimjua Akil atajua kuwa jambo hilo si dogo.

Lakini neno likishaingia sikioni halitoki kwa kufukuzwa. Usiku Gharib alilala nalo, na alfajiri aliamka nalo. Hata kabla hajawasha moto wa halua alikuwa kwenye kibanda cha Badawi, amekaa kwenye kiti cha kunyolewa, shuka shingoni.

"Leo mapema," akasema Badawi.

"Nyoa."

Badawi akanoa wembe, akaanza upande wa kulia. Ana mkono mwepesi, na siku zote huimba akinyoa. Siku hiyo hakuimba.

"Jana hukuja kunipa pole," akasema Gharib.

"Nilikuwa na watu."

"Ijumaa je? Ijumaa pia ulikuwa na watu?"

Wembe ukasimama, na uliposimama ni kisogoni. Ajabu ya Gharib ni kwamba hakuogopa wembe. Aliogopa jibu.

"Badawi. Yeslam alikupa neno uniletee?"

"Alinipa."

"Na hukunambia."

"Sikukwambia."

Nawaambieni ukweli, machozi yalimlenga Gharib, mtu mzima na ndevu zake. Angetukanwa uwanjani mara mia asingeumia hivyo.

"Kwa nini, ndugu yangu?"

"Nilikuja mpaka mlangoni mwa kiwanda chako," Badawi akasema. "Nikakuona wakoroga halua wacheka na wateja, kila mtu akupa hongera. Nikarudi. Nikasema nitakwambia kesho. Kesho ikaja, ulimi ukakataa."

"Nilikuonea n'ni?"

"Hukunionea. Lakini walivyokubeba mabegani, uliuliza kwa nini nafasi ya wakongwe ni moja? Uliuliza kwa nini wale wametajwa majina na sisi tukashindanishwa kama majogoo? Hukuuliza. Ulicheka kwa meno yote. Na mimi nilikuwa chini pale, nimekushikia kofia yako."

Gharib alikuwa amekuja na maneno mengi. Yote yakapotea, kwa kuwa hilo moja lilikuwa kweli.

Badawi akautupa wembe bakulini. "Nimekosa. Nami nitakwenda kwa Yeslam sasa hivi, nimwambie mwenyewe."

"Ngoja kwanza unimalize..."

Wapi! Badawi alikuwa amekwisha toka. Ikabidi Gharib amfuate, shuka shingoni, nusu ya kichwa ina nywele na nusu yang'aa. Wanawake wa Ndia Kuu wakafungua madirisha, na vicheko vikamsindikiza mpaka mlangoni mwa duka la Yeslam.

Yeslam alikuwa akipima kitambaa. Akamsikiliza Badawi mpaka mwisho, asiache kupima. Hakushangaa, wala hakumkemea Badawi hata kwa jicho.

"Kwa hivyo wataka n'ni, Gharib?"

"Nataka haki," akasema Gharib, na wateja wakaacha kuchagua vitambaa wakamtazama, wengine kwa sababu ya maneno na wengine kwa sababu ya kichwa. "Kijana akiangusha kijiti, mwasema kateleza, na arudie. Mimi nikiangusha, mwasema nimezeeka. Ngumbao mwezi uliopita aliangusha mbele ya mato yako. Ulimwambia akapumzike?"

"Ngumbao yungali kijana. Atajifunza."

"Na mimi ni nani asiyejifunza? Nifunze, kisha unijaribu."

Yeslam akatabasamu. Gharib akajua neno baya laja.

"Vyema. Alhamisi alasiri mtakimbia nyote wawili. Akil atampa Gharib, Gharib atampa Badawi. Kupokea ni kwa mkono wa kushoto. Atakayevunja amri, nafasi ni ya mwenzake. Hapo haki imekosekana wapi?"

Mtu mwingine angetoka dukani na furaha. Gharib alitoka na maswali. Mbona Yeslam amekubali upesi hivyo? Mbona hakumuuliza Badawi hata neno moja? Na Badawi mwenyewe, mbona kutubu kwake kumekuwa rahisi kama kutema mate?

Hata Badawi alipomrudisha kibandani kumalizia kichwa, Gharib hakukaa kitini kwa raha. Alikuwa akimtazama kwenye kioo.

"Waniogopa?" akauliza Badawi.

"Nitakuogopaje wewe?" akajibu Gharib, na jasho lamtoka.

Siku zile za kungoja, kila baada ya kazi, Ummulkheir alikuwa mwalimu wa mbio. Alitoka ukumbini na mwiko mkubwa wa halua, akamkimbilia mumewe kwa nyuma uani.

"Haya, pokea!"

Mkono wa kulia ukatoka wenyewe.

"Wa kushoto, baba Sheikha!"

Ukatoka wa kushoto nusu, ukarudi mfukoni. Gharib akageuka, uso umemwiva. "Naona haya kupokea kitu kwako kwa mkono huu."

"Haya gani na mimi ni mkeo? Waona haya ya mkono, huoni haya ya kuachwa? Pokea!"

Ummulkheir alimpiga kwa mwiko mara ya kwanza kwa bahati mbaya, na mara zilizofuata kwa makusudi. Mpaka Jumatano jioni mkono wa kushoto ukawa watoka wenyewe. Akil akaitwa, akaombwa radhi, akalishwa mpaka akajilegeza, naye akakimbia na shemejiye uani mle mle.

"Akil nimemwelewa," Gharib akamwambia mkewe walipokuwa peke yao. "Badawi ndiye simwelewi."

"Kakosa, kakiri, kakutafutia haki yako. Wataka akupe na roho?"

"Nataka kujua yuwaniwazia n'ni."

"Hilo," akasema Ummulkheir, "hata mimi mkeo sijapata kulijua kwako."

Alhamisi uwanja ulijaa kuliko siku ya Idi. Watu wa bandarini walikuja kutoka Liwatoni na nguo zao za kazi, na wazee walibebewa viti. Yeslam alisimama karibu na mstari wa chokaa, pale ambapo Gharib atampa Badawi kijiti. Gharib akaliona hilo. Mbona hapo, na si kwengine?

Badawi akamjia kabla hawajaanza. "Nisamehe kweli, sahibu?"

"Nimekusamehe."

"Basi kimbia kama zamani."

Kama zamani. Gharib akaligeuza neno hilo akilini huku na huku. Zamani ya miguu au zamani ya mikono? Hakuwahi kuuliza, kwani filimbi ilikuwa imelia na Akil yuwaja.

Mkono wa kushoto ukatoka. Kijiti kikatua kiganjani kwa raha kabisa. Akakihamisha kulia, na uwanja ukapiga kelele. Mzee hajachoka! Gharib alikimbia hivi kwamba kofia za watu waliokaa karibu zilitikisika, au ndivyo wanavyosema wenyewe mpaka leo. Upepo masikioni mwake ulikuwa ule ule wa kabla ya vita, na moyo ulimjaa akasahau kila mtu na hila zake.

Kisha akamwona Badawi mbele, anaanza kuchapuka, na mkono wake umenyooka nyuma.

Mkono wa kulia.

Gharib alihesabu haraka kama mtu anayeanguka kutoka kwenye mnazi. Akikipeleka kijiti kushoto, hakuna mkono. Kitaanguka, na watasema kaangusha tena. Akikiweka kwenye ule wa kulia, amevunja amri mbele ya Yeslam mwenyewe. Huu ni mtego? Au ni Badawi wa zamani, mkono umemtoka wenyewe kama ulivyomtoka yeye?

Hapakuwa na nafasi ya kujua. Akakiweka kulia.

Wasomaji wangu, kupeana namna ile hakujapata kuonekana uwanjani pale tangu vita. Hakuna aliyekawia, hakuna aliyetazama nyuma. Badawi akaruka nacho, na hata askari wa jela walipiga makofi juu ya ukuta.

Yeslam hakupiga. Aliinua mkono, akawaita wote wawili.

"Nilisema kushoto. Mmoja wenu kaanza kuvunja amri, na mwenzake kamfuata. Aliyeanza yuwatoka. Nani? Nataka mseme wenyewe."

Badawi alikuwa bado akihema. "Mimi sina mato kisogoni," akasema. "Aliyekuwa nyuma ni Gharib. Muulizeni yeye, naye hasemi uwongo."

Watu wote wakamgeukia Gharib.

Na nafasi ilikuwa pale, wazi, haihitaji hata kukimbiliwa. Neno moja la kweli, "Badawi", na melini angepanda. Mkono aliuona, uwanja mzima uliuona. Lakini alikumbuka yuko kitini, wembe kisogoni, akiambiwa ulicheka kwa meno yote. Hasira ikampanda, na safari hii haikuwa ya Akil wala ya Badawi.

"Hatoki mmoja," akasema. "Mumetupa mfupa mmoja ili mtutazame tukiumana, nasi tumeumana wiki nzima mpaka nikaogopa kunyolewa na ndugu yangu. Basi! Mtujaribu sote pamoja, na vijana pia, nafasi zote nne. Ama mtutoe sote wawili."

Watu wakashangilia. Mzee mmoja akasimama kwenye kiti chake kwa furaha.

Yeslam akatabasamu.

"Hilo ndilo shauri lenu, wewe na Badawi?"

"Ndilo," akajibu Gharib kwa niaba ya wote wawili, kifua mbele, wala hakumtazama mwenzake.

"Basi kwaherini."

Gharib akageuka, akashika njia ya kutoka uwanjani. Watu walimpisha, wengine wakimgusa bega. Alikwenda akiwa na furaha ya ajabu, ya mtu aliyepoteza kitu akajipata mwenyewe. Akaanza kusema, bila kugeuka, "Sahibu, leo halua ni juu yangu."

Akapunguza mwendo.

Akasikiliza. Nyayo zilizokuwa zikilia kwenye changarawe zilikuwa zake peke yake.

Alipogeuka, Badawi alikuwa amesimama pale pale kwenye mstari wa chokaa, kijiti amekikamata kwa mkono wa kushoto, na mkono wa Yeslam uko begani mwake.